Mabubu wa Mstari wa Nyuma

Siku yangu ya kwanza kazini sikuulizwa cheti, wala somo nililofaulu chuoni. Mwalimu Mkuu, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinitazama kuanzia viatu hadi kilemba, kisha akasema, "Hebu nisalimie kwa sauti ya kufika getini."

Nikavuta pumzi. "Shikamoo Mwalimu Mkuu!"

Njiwa waliokuwa juu ya bati wakaruka wote.

"Marahaba! Basi, utashika kwaya."

Na mimi nilikuwa nimeajiriwa kufundisha hisabati! Mpaka leo nikisimulia nacheka mwenyewe. Lakini hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi iliyonipa furaha kuliko zote nilizowahi kufanya, nikaifanya zaidi ya miaka thelathini, katika shule tatu za katikati ya jiji hili. Hisabati nilifundisha pia, na wapo wanafunzi wangu wanaojua kugawanya vizuri kabisa. Ila wanaponisimamisha barabarani leo, watu wazima wenye ndevu na mabegi ya kazi, hakuna aliyewahi kuniimbia jedwali la kuzidisha.

Shule ile ya kwanza ilikuwa Mchafukoge, imebanwa kati ya maghorofa na maduka, hivi kwamba mwenye duka la vitambaa akipiga chafya, darasa la pili lote linasikia. Mwalimu wa kwaya niliyemkuta alikuwa amebakiza muhula mmoja astaafu. Jina lake halisi watu walikuwa wameshalisahau. Sote tulimwita Mwalimu Do, kwa sababu hata chai aliagiza kwa kuimba. Yeye ndiye aliyenifundisha kazi.

Ninyi vijana mnaofundisha sasa mnawawekea watoto wimbo kwenye simu, nao wanaufuata. Sawa, siwalaumu. Sisi hatukuwa hata na kinanda. Kinanda chetu kilikuwa koo la mwalimu. Kabla ya wimbo mwalimu anatoa ufunguo, yaani anavumisha ile sauti ya kuanzia, mmmm, halafu anawagawia watoto: sauti ya kwanza wanapewa ya juu, sauti ya pili wanapewa ya katikati, sauti ya tatu wanapewa ya chini. Wakishazishika, mwalimu anainua mkono, na hapo ndipo watoto arobaini wenye kamasi na magoti yenye vumbi wanapogeuka kitu kimoja. Jamani! Mara ya kwanza nilipoinua mkono sauti tatu zikatoka pamoja, vinyweleo vilinisimama hadi nikasahau kuushusha. Watoto nao hawakuacha. Walishikilia ile sauti mpaka wa mbele akaanza kuyumba, na Mwalimu Do akapiga kelele, "Washushe, mama, utawaua!"

Nilianza kuona mambo ambayo chuoni hawakunifundisha. Mtoto mtoro alikuwa anafika kabla ya kengele siku za kwaya. Mwingine aliyekuwa akimkatiza kila mtu maneno alijifunza kunyamaza mapigo manane akisubiri zamu yake, na baada ya miezi michache akaanza kusubiri hata darasani. Mtoto wa Kichaga ambaye baba yake ana duka la jumla alisimama bega kwa bega na mtoto wa Kizaramo ambaye bibi yake anauza vitumbua, na kila mmoja ilimlazimu amsikilize mwenzake, maana asipomsikiliza anapotea njia. Nilikuwa narudi nyumbani nikimsimulia mume wangu mpaka chakula kinapoa.

Sasa nifike kwenye lile jambo ambalo sisi walimu wa kwaya tulikuwa tunafanya na hatulisemi.

Sheria ya mashindano ilitaka kila shule ipeleke watoto arobaini, pungufu ya hapo hamuingii ukumbini. Wiki ile ya kwanza nilipowajaribu watoto mmoja mmoja nilipata thelathini tu wanaoshika sauti. Nikaenda kwa Mwalimu Do nikiwa na wasiwasi.

"Thelathini?" akasema. "Wengi mno hao! Chukua kumi wengine, wasafi, wenye meno mazuri. Wasimamishe mstari wa nyuma. Waambie wafungue mdomo pamoja na wenzao, ila wasitoe sauti."

"Wasiimbe?"

"Waigize. Sisi tunawaita mabubu. Kila shule inao, hata hizo zinazochukua vikombe. Siri ya kazi ndiyo hiyo, nakupa bure."

Nikaipokea kama zawadi. Nikawa hodari wa mabubu. Niliwafundisha kupanua midomo kwenye a, kuikunja kwenye u, kuinua kifua wenzao wanapovuta pumzi. Ukikaa viti vya mbele huwezi kujua.

Uhamisho ulinipeleka shule moja upande wa Feri. Mwalimu Mkuu wa pale alikuwa mama mrefu asiyecheka, na maneno yake ya kwanza kwangu yalikuwa, "Hawa ni watoto wa wavuvi na wauza samaki. Kupiga kelele wanajua tangu tumboni. Mimi nataka waimbe." Nawaambia, sijapata watoto wenye pumzi kama wale! Mtoto aliyezoea kumwita mama yake katikati ya mnada wa samaki, kifua chake ni mali. Tulichukua kikombe cha wilaya, na yule mama asiyecheka akacheka, akanikumbatia mbele ya Afisa Elimu. Mabubu wangu kumi walikuwepo mstari wa nyuma, wakifungua midomo vizuri sana. Nikaona basi, nimeshajua kila kitu.

Kichwa kikiwa kimevimba hivyo ndipo nikahamishiwa Kariakoo. Mwalimu Mkuu wangu wa tatu alikuwa bwana nadhifu, mpenda vikombe, mwenye kabati la vioo ofisini. Alinionyesha kabati kabla hajanionyesha darasa. "Kwaya ndiyo uso wa shule, Mwalimu Rehema," alisema. "Na kabati hili, kama unavyoliona, bado lina nafasi."

Mwaka ule nilipowajaribu watoto alikuja msichana wa darasa la nne, Mwajuma, mwembamba, macho makubwa, mama yake anauza tangawizi na viungo sokoni. Nikavumisha ufunguo. Mwajuma akatoa sauti ya chini kabisa, mbali na yangu.

"Panda, mwanangu," nikamwambia. "Panda juu."

Akajitahidi kupanda, sauti ikakatika vipande viwili. Watoto wakacheka. Nikainama nikamwambia kwa upole, maana nilijiona mpole, "Wewe simama nyuma. Fungua mdomo vizuri, ila sauti usitoe. Uso wako mzuri, tunauhitaji."

Akaitikia kwa kichwa. Na sikuwahi kupata bubu hodari kama yule. Miaka miwili hakukosa zoezi hata moja. Alipanua pale pa kupanua, alikunja pale pa kukunja, na hakuponyokwa na sauti hata siku moja.

Alipofika darasa la sita, mwalimu wao wa darasa aliingia ofisini kwetu wakati wa chai akiwa amechoka. "Mimi yule Mwajuma namrudisha darasa la tano," alisema. "Namwambia asome kwa sauti, anafungua mdomo tu, hakitoki kitu. Midomo inakwenda, sauti hakuna! Mwisho wa muhula nampeleka kwa Mwalimu Mkuu. Huyu mtoto hajui kusoma."

Walimu wakacheka. Nami nikacheka. Halafu nikaacha kucheka, nikaweka kikombe chini. Aliyemfundisha kufungua mdomo bila sauti nilikuwa mimi mwenyewe, niliyekaa pale nikinywa chai.

Ningependa kusema nilisimama palepale nikakiri. Sikusimama. Nilijiambia labda kweli hajui kusoma. Jumamosi iliyofuata nikaenda sokoni kununua nyanya, na hapo ndipo maisha yangu ya kazi yalipogeuka.

Nilisikia kabla sijaona. Mwanamke alikuwa ananadi, sauti nyembamba ya juu: "Tangawizi, tangawizi mbichi!" Na chini yake, sauti nyingine nene na laini ikamjibu: "Limao na pilipili, karibuni!" Halafu tena. Ya juu, ya chini. Hazikugongana hata mara moja. Zilikaa pamoja barabara, kama sauti ya kwanza na ya tatu za kwaya iliyofanya mazoezi mwaka mzima. Nilisimama katikati ya njia na nyanya zangu, watu wananipiga vikumbo, mwenye mkokoteni ananifokea, "Mama, pisha bwana, vipi!" Sikuondoka. Nilitaka kumjua yule mwenye sauti ya chini. Nilikuwa tayari kumwomba aje kufundisha watoto wangu.

Nikazunguka meza. Alikuwa Mwajuma.

Aliponiona alifunga mdomo hapohapo. Mama yake akaniona pia. "Shikamoo mwalimu! Karibu, karibu! Mwanangu kila siku kwaya, kwaya. Sare nimemshonea mwenyewe, si unaona inavyomkaa? Mwaka huu, Inshallah, siku ya mashindano nafunga meza nije nimsikie anavyoimba."

"Marahaba," nikasema. Mwajuma alikuwa anapanga tangawizi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Nikamwambia, "Mwajuma, hebu nadi tena ile ya limao." Akafungua mdomo, vizuri kabisa kama nilivyomfundisha, na hakikutoka kitu.

Nilifika nyumbani nikafunga mlango wa jikoni, nikaanza kuimba nyimbo zetu zote nikishusha ufunguo, tena nikashusha, mpaka nikafika pale alipokuwa Mwajuma. Kwangu palikuwa chini mno, nilikwaruza tu. Ndipo nikaelewa, nikakaa kwenye kigoda. Sauti yangu mimi ni ya juu, ile ya kurusha njiwa. Miaka yote nilikuwa najaribu watoto kwa ufunguo wa koo langu mwenyewe. Asiyefika nilipo mimi nikamwita bubu. Nikaanza kuwahesabu mabubu wangu tangu Mchafukoge, uso mmoja mmoja, nikashindwa kuendelea. Nililia, sifichi.

Jumatatu niliwasimamisha watoto wote uwanjani. "Nimewakosea wa mstari wa nyuma," nikawaambia. "Kosa lilikuwa langu. Leo tunajaribu upya." Nikatoa ufunguo wa chini, kadiri nilivyoweza kuukwaruza, na jamani, kati ya wale kumi, sita wakaushika palepale! Mmoja alishtuka kwa sauti yake mwenyewe hadi akashika koo. Watatu wengine tuliwatafuta kidogokidogo kwa siku kadhaa, tukawapata. Akabaki Mwajuma, anaangalia viatu.

"Mwalimu, mimi sauti yangu mbaya."

"Nani kakwambia?"

"Wewe."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Sikumbembeleza, maana mtoto akibembelezwa mbele ya wenzake anazidi kujikunja. Nilikaa siku mbili nikatunga wimbo. Nilichukua zile kelele za kunadi sokoni, tangawizi, limao, mwenye kupisha na asiyepisha, nikazigawa kwa sauti tatu. Wimbo unaanza na mtu mmoja wa sauti ya chini, peke yake, kabla hata ya ufunguo. Kwenye zoezi nikachukua kikapu, nikasimama mbele ya Mwajuma. "Usiimbe," nikamwambia. "Mimi nimekuja sokoni. Niuzie."

Akakitazama kikapu. Nikageuka kama mteja anayeondoka. "Haya, kama huna, naenda meza ya jirani."

"Limao na pilipili, karibuni!"

Watoto wote waligeuka nyuma. Ilitoka nzima, imejaa uwanja. Mwenzake mmoja akasema, "Duh! Kumbe Mwajuma!" na sauti ya kwanza wakaingia bila kusubiri mkono wangu, tangawizi, tangawizi mbichi, halafu ya pili, na mimi nilikuwa naruka kama mtoto, kikapu mkononi, mwalimu mtu mzima.

Mwalimu Mkuu hakuruka. "Mabubu waimbe?" aliniuliza. "Mwalimu Rehema, umechoka na kazi? Wakituaibisha mbele ya Afisa Elimu?"

"Wakiharibu, nimeharibu mimi. Wao watakuwa wameimba."

"Wakiharibu, kwaya nampa mwingine. Utarudi kwenye hisabati zako, na yule mtoto atarudi darasa la tano kama mwalimu wake alivyoniomba."

Basi, hapo ndipo tulipokuwa siku tulipoingia ukumbini, karibu na Mnazi Mmoja, watoto arobaini na midomo arobaini yenye sauti. Mama Mwajuma alikuwa amefunga meza kweli. Alikaa nyuma na kanga mpya. Sisi tulikuwa wa sita. Mwajuma alipanda na wenzake, akasimama, akanitafuta kwa macho. Nikainua kikapu changu kidogo tu, aone.

"Limao na pilipili, karibuni!"

Na kabla sauti ya kwanza hawajaingia, kutoka viti vya nyuma, kwa mazoea ya kila siku ya Mungu, Mama Mwajuma akasimama akajibu kwa nguvu zake zote: "Tangawizi, tangawizi mbichi!"

Ee, vicheko! Watu walipiga makofi, majaji wakainamisha vichwa, mmoja akafuta macho. Mama wa watu akaziba mdomo kwa kanga. Nami nikajua kwaya yangu imekufa, maana mtoto akicheka pumzi zinamwisha. Lakini Mwajuma hakucheka. Alirudia kwa utulivu ileile sauti, akaishikilia, akawasubiri wenzake watulie mmoja mmoja, mpaka wote wakaegemea kwake, na wimbo ukaanza upya. Waliimba mpaka mwisho. Sijasikia watoto wakiimba vile kabla wala baada.

Tulishika nafasi ya tatu. Jaji mkuu alisema tumekatwa alama kwa kusaidiwa na watazamaji.

Nje Mwalimu Mkuu alitangulia hatua nyingi. Halafu akasimama. "Yule aliyewashika wenzake," akasema, "ndiye mnayetaka kumrudisha darasa?"

"Ndiye."

Akamwita. Akatoa mfukoni karatasi ya ratiba ya mashindano, akampa. "Nisomee hiyo." Mwajuma akaisoma yote palepale kando ya barabara, majina ya shule, namba, sheria, mpaka kifungu cha watoto arobaini, kwa sauti iliyofanya mwenye kuuza maji ageuke. Alikuwa anajua kusoma siku zote. Mwalimu Mkuu alikunja ile karatasi, akairudisha mfukoni, akasema, "Kabati litasubiri." Hakuna aliyerudishwa darasa, na kwenye shule yangu hakukuwa tena na bubu.

Nimestaafu sasa. Asubuhi naamka kwa mazoea, nakunywa chai nikisikia kengele ambayo hainihusu. Vijana wananiuliza kwaya inamsaidia nini mtoto, wakati mitihani ni mingi na vipindi vichache. Nawaambia, mtoto akiimba na wenzake anajifunza kuvuta pumzi kabla ya kusema, anajifunza kumsikia wa pembeni, anajua kwamba sauti yake ina mahali pake na asipoitoa kuna pengo. Na nawaambia pia kwamba kitu chenye nguvu ya kujenga hivyo kinabomoa vilevile, kikishikwa vibaya. Msiwapime watoto kwa makoo yenu.

Siku ya kuniaga walifanya sherehe uwanjani pa shule. Mwajuma alikuja. Ni mama sasa, ana duka lake la viungo Kariakoo, na Jumamosi jioni anawafundisha kwaya watoto wa mtaani kwao. Aliwaleta. Wakapanga kuimba ule wimbo wa soko, na mimi nikaambiwa nisimame nao.

Kuna jambo nilikuwa nalificha. Koo langu lilikuwa limeshuka. Mwaka wa mwisho wa kazi nilikuwa namwachia mwalimu kijana atoe ufunguo, nikisingizia mafua. Basi nikasimama mstari wa nyuma, wimbo ukaanza, nikafungua mdomo. Nilipanua pale pa kupanua, nikakunja pale pa kukunja. Nilikuwa naifahamu vizuri kazi ile.

Mwajuma akainua mkono. Watoto wakanyamaza.

"Mwalimu," akasema, "unafungua mdomo tu."

Watu wakacheka. Nikaona aibu kama mtoto wa darasa la nne. "Mwanangu, koo limezeeka. Halifiki huko juu."

Hakuniambia nipande. Alikuja mpaka nilipo, akaweka mkono kifuani pake, akavumisha ufunguo wa chini, ule wa mezani kwa mama yake, mmmm, taratibu. "Na hapa je?"

Nikaujaribu. Nikafika. Akawageukia watoto akawaambia, "Wimbo wote tunaushusha. Mwalimu yuko hapa," akainua mkono, nami kutoka mstari wa nyuma nikanadi limao na pilipili kwa sauti yangu yote.